Siklidi Wakubwa Wakae na Nani? Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Arusha na Moshi

Oska mdogo wa dukani, siklidi wa Amerika ya Kusini, ana urefu wa kidole. Yumo kwenye tangi moja na samaki wengine wa mapambo, gapi, goldfishi na pleko, wote wametulia, na kijana anayeuza ana jibu tayari: "Bosi, si unawaona wanakaa pamoja?" Wanakaa kweli. Ila oska akilishwa vizuri anapita sentimita 20 ndani ya mwaka mmoja, na mwisho wake ni 30 au zaidi. Ataishi miaka 10 hadi 15. Gapi hawatakuwepo kushuhudia.

Siklidi ni ukoo mpana: sato, perege na furu wamo, na kuhe wa Ziwa Tanganyika, ambaye Kigoma wanamla kwa ugali, ndiye siklidi mkubwa kuliko wote duniani. Wengi wao wana tabia moja inayowasumbua wafugaji: wanamiliki eneo. Samaki wa namna hiyo hamchukii mwenzake kwa jina lake, anamchukia kwa sababu amesimama mahali pake, anafanana naye, au anakaribia mayai yake. Ndiyo maana orodha za "huyu anakaa na yule" zinawaangusha watu kila siku. Mimi nashauri uanze mbali kabisa na samaki. Anza na bomba lako.

Hatua ya 1: Jua maji yako

Maji ya Meru na maji ya Kilimanjaro hayafanani hata kidogo. Upande wa Meru, hasa ukielekea Usa River na Maji ya Chai, miamba ya volkano imeyatia maji floraidi na bikaboneti ya sodiamu. Floraidi tunaifahamu kwa meno ya kahawia ya watu waliokulia huko. Kinachomhusu mfugaji zaidi ni kwamba maji hayo huwa na pH (kipimo cha uasidi na ualkali, 7 ndiyo katikati) ya juu, mara nyingi 8 na kuendelea, huku kalisi ikiwa kidogo. Sabuni inatoa povu vizuri, basi mtu anadhani ni maji laini ya kawaida. Ni laini kwa kalisi tu. Kwa pH ni makali.

Moshi mjini, maji ya chemchemi zinazotoka Kilimanjaro kwa kawaida yana chumvi chache na pH iliyo karibu na 7. Ukishuka tambarare kuelekea Hai, au kama nyumba yako inatumia kisima, usitegemee kauli hiyo. Pima.

Jaza ndoo, iache wazi usiku kucha, kisha pima asubuhi. Maji yanayotoka moja kwa moja bombani au kisimani yanaweza kuwa na gesi iliyoyeyuka inayodanganya kipimo cha pH. Tumia vipimo vya matone, kwa sababu vile vya karatasi hupoteza ukweli wake haraka vikipata unyevu. Unahitaji namba tatu: pH, ugumu wa jumla (kalisi na magnesiamu), na kiasi cha bikaboneti.

pH ikiwa 8 na zaidi, umeshachaguliwa: fuga siklidi wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa. Kwenye Tanganyika pH huzunguka 9, na Nyasa hukaa kati ya 7.8 na 8.6. Ikiwa karibu na 7, fuga siklidi wa Amerika ya Kusini. Wale wa Amerika ya Kati, kama Jack Dempsey, wanastahimili pande zote mbili. Oska naye anaweza kuzoea pH 8, wapo wengi Arusha wanaoishi hivyo. Kinyume chake ndicho kigumu: samaki wa Tanganyika kwenye maji ya pH 6.8 hudhoofika polepole, na mfugaji anabaki kulaumu chakula.

Mfugaji wa Arusha anayetaka samaki wa maziwa haya anahitaji kuongeza ugumu, si pH. Makombe yaliyosagwa, yale wanayouziwa wafugaji wa kuku, hayayeyuki kwa kiasi cha maana kwenye maji ambayo tayari yana pH zaidi ya 8. Kinachosaidia ni chumvi ya haluli (magnesiamu salfeti) ya duka la dawa, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 20, ikitiwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Baadaye, kila unapobadilisha maji, tia kulingana na lita mpya tu. Magadi usiguse, hayo unayo ya kutosha. Na kama kisima chako kinajulikana kwa floraidi nyingi sana, changanya na maji ya mvua, maana kwenye maji yenye kalisi chache floraidi inawaumiza samaki zaidi.

Hatua ya 2: Tangi kwanza, samaki baadaye

Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita. Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60 ni lita 540, na hicho ndicho kipimo ninachokiona cha chini kabisa kwa mtu anayetaka siklidi wakubwa zaidi ya mmoja. Oska mmoja peke yake anaweza kukaa kwenye lita 300. Wawili pale ni ugomvi wa kudumu.

Urefu na upana ndivyo vinavyopunguza vita. Kimo kinapendeza macho ya mgeni tu. Upana wa sentimita 60 unamwezesha samaki wa sentimita 30 kugeuka bila kusugua pua, na anayefukuzwa anapata njia ya kupita pembeni badala ya kubanwa ukutani.

Ukienda kwa fundi wa vioo, mwambie milimita 12 kwa tangi la ukubwa huo, na vioo vya kushikilia juu. Atakujibu, "Hata kumi inatosha, bosi, nimetengeneza mengi." Mjibu kwa upole kwamba wewe ndiye utakayelala chumba cha pili. Maji peke yake ni kilo 540. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe unakaribia kilo 700, kwa hiyo stendi iwe ya chuma kilichochomelewa, na isimame juu ya sakafu ya zege ya chini. Ghorofani muulize kwanza anayeijua nyumba.

Jambo ambalo vitabu vya pwani havikuambii: Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lilelile, maji yetu yanabeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko maji ya Dar es Salaam. Samaki wakubwa wengi kwenye tangi moja wanaihisi tofauti hiyo. Kwa hiyo weka pampu ya hewa hata kama chujio linatingisha maji, na chujio lenyewe lipitishe maji yote ya tangi angalau mara tano kwa saa. Vyema yawe machujio mawili, moja likikwama lingine lifanye kazi.

Kisha likomaze. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitreti ambayo si kali sana. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye chujio jipya. Ukipata sifongo chafu kutoka kwenye chujio la mtu ambaye samaki wake hawaugui, unaokoa muda mwingi. Arusha usiruke hatua hii: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Kosa ambalo samaki wa Moshi angelivumilia, wa Sakina analipia kwa maisha.

Mawe ya volkano yamejaa kwetu bure, yasugue na uepuke yenye ncha kali. Yaweke juu ya kioo kabla ya mchanga. Siklidi huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka siku wakichimba chini yake.

Hatua ya 3: Chagua samaki mkuu mmoja tu

Huyu ndiye unayempenda, na wengine wote watachaguliwa kwa ajili yake. Tafuta ukubwa wake wa utu uzima. Wa dukani usiuhesabu.

Kuna ambao hawahitaji wenza hata kidogo. Flowahoni, chotara aliyetengenezwa na wafugaji wa Malaysia miaka ya 1990, akae peke yake. Parachromis dovii, anayekaribia sentimita 70, vilevile. Akili ni kuwakubali hivyo, badala ya kuwatolea sadaka samaki wengine kila mwezi.

Hatua ya 4: Tafuta wenza

Kila mgombea mpitishe kwenye maswali haya. Anaweza kuingia mdomoni mwa mkuu, leo au mwakani? Anafanana naye umbo au rangi? Wanakula chakula kimoja? Wanaishi maji na joto lilelile? Na mwendo wao unaoana? Swali la mwisho watu hulisahau. Samaki mtulivu akiwekwa na wanaorukaruka kutwa hashambuliwi, ila anakosa chakula na raha, anakonda huku hana jeraha.

Sasa tuende kundi kwa kundi.

*Frontosa, kwa maji ya Arusha.* Cyphotilapia frontosa wa Ziwa Tanganyika, mwenye mistari ya bluu nyeusi na kinundu kichwani, hufika sentimita 30 na kitu. Kwangu mimi ndiye siklidi mkubwa anayelifaa jiji hili kuliko oska. Hana haraka, hana fujo za kila saa, na maji yetu yakishatiwa haluli yanamfaa. Fuga dume mmoja na majike watatu hadi watano. Madume wawili wakubwa kwenye lita 540 hawatapatana.

Wenza wake wazuri ni Altolamprologus waliokomaa, wenye miili bapa na magamba magumu, wanaopita kwenye mianya ya mawe bila kumsumbua mtu. Wa pili ni Synodontis multipunctatus, ndugu wa gogogo wetu wa Ziwa Viktoria. Huyu ana kisa chake: hutaga wakati siklidi wanaoatamia mdomoni wanataga, jike la siklidi linaokota mayai yote pamoja, na vifaranga vya kambare hao huanguliwa mapema na kula wenyeji wao mdomoni mwa mama. Ukitaka kuzalisha frontosa kwa mauzo, usimweke. Ukitaka kutazama tu, huna tamthilia bora zaidi.

Usimweke frontosa na Cyprichromis. Ziwani ndio chakula chake, huwavizia alfajiri kabla hawajachangamka. Tangini utahesabu kumi jioni na tisa asubuhi. Tropheus nao hapana: wanakula mwani, chakula kizito cha frontosa huwavuruga tumbo, na kasi yao inamfanya frontosa ajifiche.

*Wala nyama wa Ziwa Nyasa.* Nimbochromis venustus na Nimbochromis livingstonii hufika sentimita 25. Livingstonii hulala ubavu mchangani kama mfu, samaki wadogo wakisogea kumdonoa anawameza, kwa hiyo usishtuke ukimkuta amelala. Pamoja nao weka Cyrtocara moorii wa bluu, mpole mwenye sentimita 20, na Protomelas waliokua. Dimidiochromis compressiceps anafaa pia, mradi hakuna samaki mdogo anayepita mbele yake.

Njia iliyo rahisi hapa ni tangi la madume matupu, kila mmoja wa spishi yake na rangi yake. Bila majike, sababu kubwa ya vita imeondoka, na rangi zinabaki. Kanuni moja isiyovunjwa: wasiwepo wawili wa bluu wenye umbo moja. Ukichanganya majike wa spishi mbalimbali, watazaa machotara, na majike wa Nyasa wanafanana kiasi kwamba hata muuzaji hawatofautishi.

Mbuna, siklidi wa miambani wa ziwa hilohilo, kando. Ni wadogo, hawatulii, na wanakula mwani zaidi.

*Oska na wenzake wa Amerika, kwa maji ya Moshi.* Oska si mkorofi kama sifa zake. Ni mzembe mwenye mdomo mkubwa. Severamu wa sentimita 20 anaelewana naye vizuri kwa sababu naye ni mtulivu na mnene. Samaki sita wa aina ya silva dola, wakiwa na upana wa kiganja, huogelea juu pamoja na kumpa oska imani kwamba hakuna hatari. Siklidi wengi wanatulia wakiwaona samaki wa kundi wanaogelea wazi. Pleko wa kawaida anafaa, ila jua kwamba anapita sentimita 30 na mavi yake ni mengi.

Jack Dempsey, aliyepewa jina la bondia bingwa wa dunia wa 1919 hadi 1926, anaweza kukaa na oska kwenye tangi la sentimita 180 na mawe mengi. Chini ya hapo sishauri. Amphilophus citrinellus na Parachromis managuensis usiwaweke na oska. Hao wanapigana kwa nia, na oska hajui kujitetea.

Na kambare wa kwetu, Clarias, yule anayeuzwa kwenye ndoo kwa wafugaji wa mabwawa? Hapana, kwa kundi lolote. Anapita mita moja, anawinda usiku, na anaruka nje ya tangi. Goldfishi pia hapana: anataka maji ya baridi zaidi, na kwa oska ni kitoweo.

Hatua ya 5: Karantini na zamu ya kuingia

Tangi la pili la lita 80 hadi 100, lenye sifongo na hita, si anasa. Kila samaki mpya akae humo wiki tatu hadi nne, hasa aliyesafiri kwenye basi kutoka Dar usiku kucha ndani ya mfuko. Utaona madoadoa meupe kama chumvi, minyoo, kinyesi cheupe kama uzi, mambo ambayo kwenye tangi kubwa yangeshawafikia wote. Baadaye tangi hilohilo linakuwa hospitali na mahabusu.

Wapole huingia kwanza, mkuu wa mwisho. Akiingia wa kwanza, tangi zima ni shamba lake, na kila anayefuata ni mvamizi. Ukilazimika kuongeza samaki kwenye tangi lenye wenyeji, fanya hivi: walishe wenyeji washibe, toa mawe na uyapange upya ili mipaka ya zamani ipotee, ingiza wapya kadhaa kwa pamoja ili hasira igawanyike, kisha zima taa hadi kesho yake. Samaki anayetoka safarini, kabla ya kuingia karantini, mzoeshe maji mapya kwa mrija wa matone kwa saa moja. Kutoka maji ya Dar kwenda ya Njiro tofauti ya pH inaweza kuwa kubwa.

Hatua ya 6: Wiki za mwanzo, kaa utazame

Vuta kiti, usisogee, tazama robo saa wakati wa kula. Kufukuzana kifupi ni kawaida. Kutunisha mashavu ni kawaida. Kushikana midomo na kuvutana kwa dakika moja mbili kunaweza kupita, ni kupimana nguvu. Mapezi yaliyochanika ncha hupona kwa wiki moja au mbili maji yakiwa safi.

Samaki wa kumwangalia ni yule anayesimama kwenye kona ya juu, nyuma ya bomba la chujio au ya hita, mwili umeshikwa na rangi nyeusi, mapezi yamekunjwa, akiyumba kidogo tu. Chakula kinaanguka mbele yake hakigusi. Huyo ameshakatazwa kuishi kila mahali isipokuwa pale. Mtoe leo, usingoje Jumamosi. Ila kumtoa mnyonge kunamwokoa yeye tu. Mara nyingi dawa ya tangi zima ni kumtoa mbabe kwa wiki moja na kumrudisha baada ya kupanga mawe upya, anarudi akiwa mgeni.

Mkiwa mnahitaji kuwatenganisha papo hapo, wavu mgumu wa plastiki uliokatwa kwa kipimo cha tangi unafaa. Uwe tayari umekatwa, nyuma ya stendi, kabla haujahitajika.

Wakizaa, hesabu zote zinabadilika. Jozi ya oska hutaga mayai mamia kwa mamia kwenye jiwe bapa, na kuanzia hapo nusu ya tangi ni yao. Samaki waliokaa pamoja kwa amani mwaka mzima hujikuta wamebanwa upande mmoja. Ama weka wavu, ama ondoa mayai. Frontosa na wa Nyasa huatamia mdomoni, kwa hiyo ugomvi ni mfupi, ila jike halili wiki kadhaa na anastahili kutulizwa peke yake.

Baridi, umeme na maji

Arusha ya Juni hadi Agosti, maji ya tangi lisilo na hita yanashuka hadi siklidi wanaacha kula na madoadoa meupe yanaanza. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Kwa lita 540 weka hita mbili za wati 300 kuliko moja kubwa, ili moja ikigoma kuzima isiwachemshe samaki. Moshi ni chini na kuna joto zaidi, lakini usiku wa Julai hita bado inafanya kazi.

Umeme ukikatika, oksijeni huisha kabla joto halijashuka. Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha kuvuka usiku. Usiwalishe hadi chujio lirudi.

Badilisha asilimia 30 hadi 40 ya maji kila wiki, zaidi kama ni oska. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini, na asubuhi za Julai ongeza maji ya moto kidogo kwenye ndoo ili wasipigwe na baridi.

Anayeshindikana

Kabla hujanunua, kubaliana na duka kama watampokea akikua au akiwa mkorofi, hata kwa bei ya hasara au bure. Usimmwage Themi, usimpeleke Nyumba ya Mungu, wala usimtupe Ziwa Chala, ambako kuna perege wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kwingine duniani. Bonde la Pangani tayari lina sato waliopandikizwa wanaozaliana na perege wenyeji na kuharibu mbegu yao. Bwawa la jirani pia si suluhisho, kwani oska hawezi maji ya bwawa la Tengeru ya Julai, na akiweza msimu wa joto atakula vifaranga vya sato. Kama duka limekataa na hakuna mfugaji mwenye nafasi, lile tangi la karantini si makao yake ya kudumu. Kitakachobaki ni kugawa tangi kubwa kwa wavu, kila upande na chujio lake, hadi apatikane wa kumchukua.